Boksi la besi lililofungwa kabisa: kazi ya fundi wa Ngamiani

Nina gari, IST, na kila siku natoka Pongwe kwenda mjini nikisikiliza taarab. Taarab yetu ya Tanga ina gitaa la besi linalotembea, kwa hiyo nataka nisikie kila uzi unapoguswa.

Boksi la kwanza nililinunua dukani likiwa tayari, lenye tundu. Kelele lilikuwa nazo, ila noti zote zilitoka sauti moja, buuu, buuu. Zikipita zile za chini kabisa, koni, ile karatasi ya spika inayotikisika, inaruka mbele na nyuma na sauti yenyewe huisikii. Nikaogopa itachanika.

Nikampelekea fundi Ngamiani. Kabla ya kushika msumeno aliomba karatasi iliyokuja na spika. Spika yangu ya inchi 12 inataka lita kama 30 boksi likiwa limefungwa, lita 55 likiwa na tundu. Akapima lile la dukani: lita 34.

"Kaka, hili ni boksi la kufungwa, wamelitoboa tu."

Akanieleza kwamba hewa iliyofungiwa ndani inafanya kazi ya springi, inairudisha koni kila inapotoka. Tundu linaongeza nguvu karibu na noti liliyopimiwa. Ukishuka chini yake springi inapotea, koni haina wa kuishika.

Jipya kalitengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18. MDF, ile mbao ya unga wa mbao uliogandamizwa, aliikataa, maana kwa unyevu wetu huu wa pwani ikinywa maji inavimba. Maungio yote gundi na silikoni. Halafu akawasha kijiti cha udi, akafungulia besi, akakipitisha polepole kwenye kila ungio. Kona moja ya nyuma, moshi ukaanza kurukaruka. Akazima, akaziba upya, akarudia mpaka moshi ukapanda umenyooka. Hapo ndipo aliponipata.

Sauti haijazi mtaa kama ya zamani, na amplifaya inabidi niiongeze. Mdogo wangu mwenye Noah, mpenzi wa amapiano, nimemwambia achukue la tundu, mradi lipimwe kwa spika yake mwenyewe na buti analo. Mimi juzi nimeegesha Raskazone, gitaa likashuka noti moja moja, nikazisikia zote.

Kapeti ya pembeni ilibanduka kwa joto wiki ya pili. Nilirudi, akaigundisha bila kudai hata mia.