Kamusi ya mfukoni na mtihani wa "curb"

Kamusi hii ndogo ya Kiingereza na Kiswahili inapatikana kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba katikati ya Nairobi kwa takriban shilingi 300. Inaingia mfukoni, maandishi yanasomeka hata ndani ya matatu jioni, na gundi ya mgongoni imeshika. Lakini kamusi haipimwi kwa gundi. Fungua herufi C, utafute "curb".

Utakuta maneno mawili tu: zuia, komesha. "Zuia" linapita kwa shida, "komesha" limepotoka kabisa. Asili ya "curb" ni mnyororo unaopita chini ya taya la farasi aliyetiwa lijamu. Ukivuta hatamu, mnyororo unabana taya na farasi anatii mkono. Anaendelea kwenda, ila kwa mwendo utakao wewe. Kwa hiyo Kiswahili chake ni dhibiti, au punguza, au ukipenda, tia lijamu. Mwanafunzi akisoma kichwa cha habari "Government moves to curb illicit brew", kamusi hii itamwambia pombe haramu imekwisha, na huku chang'aa inauzwa mtaa wa pili.

Matumizi hayakuguswa. Kitenzi hiki hushika shamirisho lake moja kwa moja: "curb spending", "curb your temper". Hakitaki "from", anayeandika "curb them from hawking" alihitaji "stop" au "prevent". Wala hakibebi kiwango: mizigo isiyozidi kilo 20 huwekewa "limit". Kikiwa nomino hufuatwa na "on", kama "a curb on imports". Tahajia ni "curbed", b moja, kwa kuwa r imeitangulia. Na wale wanaotamka "curve corruption" wanaupinda ufisadi tu.

Maana ya ukingo wa barabara imechomekwa humo humo bila maelezo. Kwa maana hiyo, "curb" ni tahajia ya Marekani. Kenya huandika "kerb" kama Uingereza. Kwa maana hiyo hiyo ya ukingo, vibao vya New York vya "Curb Your Dog" humtaka mwenye mbwa amsogeze ukingoni akajisaidie huko, si katikati ya njia ya miguu.

Kwa mtoto anayetafuta "basket" na "bucket", inunue. Mtafsiri au mwanahabari aongeze pesa, atafute yenye sentensi za mfano, na afungue C kabla ya kulipa.