Afisa ustawi au afisa maendeleo: nani wa kumwendea Masasi?

Wote wana shahada na mara nyingi wako halmashauri moja, ila kazi zao ni tofauti. Afisa ustawi wa jamii hushika shauri la mtu: mtoto aliyetelekezwa, matunzo, malezi ya kambo (mtoto kulelewa kwa muda na familia isiyo yake), na taarifa ya uchunguzi wa kijamii kwa mahakama ya watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Taarifa hiyo ndiyo roho ya shauri. Lazima afike nyumbani, shuleni, aongee na mtoto peke yake. Akiandika maneno ya mzazi mmoja tu, anayeumia ni mtoto.

Afisa maendeleo ya jamii hushika vikundi: katiba zao, usajili, mikopo ya halmashauri.

Baba kauza korosho na hatoi matunzo? Nenda ustawi, na cheti cha kuzaliwa mkononi.