Lanhydrock: nilikwenda kuona jumba, nikaganda jikoni

Miaka kumi na minane nimesimama mbele ya majiko ya hoteli, kwa hiyo nikitembelea jumba la kale, sebule huwa nazipita mbiombio. Lanhydrock, kule Cornwall, Uingereza, ina ukumbi mrefu wenye dari ya lipu iliyonakshiwa ya karne ya 17. Wenye shingo imara waitazame. Mimi nilikuwa natafuta jiko.

Na jiko lenyewe, loo! Paa limepanda kama la kanisa, na madirisha yamepangwa huko juu karibu na boriti. Joto na moshi wa mafuta vinapanda vinakotakiwa kwenda, mpishi anabaki anapumua. Nimewahi kufanya kazi kwenye jiko la kisasa ambalo dari yake niliigusa kwa mkono, feni inaunguruma mchana kutwa na haivuti kitu. Humu walitegemea urefu wa chumba.

Sehemu kubwa ya jumba iliteketea mwaka 1881. Msanifu Richard Coad alipolijenga upya, aliupanga upande wa huduma kwa akili ya mtu anayejua chakula kinavyoharibika. Mkate una chumba chake, samaki chake, nyama chake. Harufu ya samaki haifiki kwenye krimu.

Chumba cha maziwa ndicho kilichonishika miguu. Katikati pana meza ya marumaru, na kando rafu za mawe zinazopozwa na maji ya mferejini, yaliyoletwa kwa bomba kutoka kilimani nyuma ya nyumba. Hakuna injini wala barafu. Maji yanapita, siagi inakaa. Nilinyoosha mkono nilipapase lile jiwe, nikakumbuka kuwa vitu havishikwi, nikaurudisha mfukoni.

Ngazi ndizo sikuzipenda. Watumishi wanaume walikuwa na yao, wanawake yao, wasikutane njiani. Aliyetenganisha samaki na siagi akatenganisha na watu.

Kutoka jikoni hadi chumba cha kulia nilianza kuhesabu hatua, huku nikijifanya nimebeba bakuli la supu. Mtoto akanikatiza mbele, hesabu ikapotea. Supu nayo, ingekuwa ya kweli, ingekuwa sakafuni.

Jiko na stoo: nyota tano. Ngazi: mbili.