Kofia Kuukuu ya Viua: Tuikague Kabla Hujatoa Pesa

Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari zenu nyote mnaotazama. Leo mezani nina kofia moja ya viua, nyeupe, ya pamba, iliyoshonwa kwa mkono Lamu. Aliyeniuzia ni mjukuu wa mzee aliyekuwa akiivaa, na anasema ilikuwapo nyumbani kwao kabla ya uhuru wa Kenya. Wengi mmeniuliza kama kofia kuukuu za namna hii zinastahili kulipiwa bei ya kazi ya sanaa. Zinastahili. Ila si kila moja, na usimlipe muuzaji kwa hadithi peke yake. Tuikague.

Naisogeza karibu na kamera. Mnaviona viua hivi, vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi? Tazameni ndani ya tundu. Nyuzi za kitambaa hazikukatwa. Zimesukumwa kando kwa kitu chenye ncha, kisha sindano ikapita kuzunguka mpaka tundu likasimama lenyewe. Mashine ya kudarizi hutoboa kwa kisu, ndiyo maana ukingo wa tundu lake mara nyingi una manyoya. Chukua kioo cha kukuzia, ukae nacho mahali penye mwanga, na usione haya mbele ya muuzaji. Kofia ni yake, pesa ni zako.

Sasa naigeuza ndani. Hapa ndipo mimi hutumia muda mrefu zaidi. Mashine hushona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, na kwa ndani utauona ule wa bobini, mara nyingi mwembamba kuliko mwenzake, ukitoka ua hadi ua kwa mwendo uleule. Hapa uzi ni mmoja. Ulipokwisha, mshonaji akaufunga na kulificha fundo chini ya bakhia. Moja hili hapa, chini ya kidole changu. Na jamani, msije mkadhani kwamba kazi ya mkono lazima iwe ya kwenda kombo. Fundi hodari wa Lamu au Unguja hushona bakhia zilizonyooka kiasi kwamba asiyejua ataapa ni mashine. Fuateni njia ya uzi, si unyoofu wake.

Kujua umri kuna kazi zaidi. Uzi wa poliesta ulianza kuenea madukani miaka ya 1950, kwa hiyo ukiukuta kwenye kofia inayosemwa ni ya mwaka 1920, rudisha. Kama kuna kipande cha uzi kilichokwisha kukatika chenyewe, mwombe muuzaji ukichome: pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kipunje kigumu. Hiki kilinuka karatasi. Wapo pia wanaotumia ile taa ya kukagulia noti za bandia. Kitambaa kikiwaka buluu wanasema ni kipya. Msiwafuate. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha inayowaka vivyo hivyo, na kofia ya zamani iliyofuliwa jana nayo itawaka.

Kasoro zake ni hizi. Ukingo wa chini una doa la jasho la rangi ya chai. Kwenye duara la juu viua viwili vimefunguka. Na hapa pembeni kitambaa kimechakaa, ukikishika kinataka kuchanika. Sehemu hii ilitiwa jiki. Jiki hung'arisha leo na kula pamba kesho. Afadhali doa, kwa sababu doa ni alama ya kichwa kilichoivaa. Mimi ningelipa zaidi kwa kofia chafu iliyo nzima kuliko nyeupe iliyochomwa na dawa.

Sasa bei. Ya kiwandani ni rahisi, kila mtu anaijua. Ya mkono hula miezi ya kazi, na Oman, ambako wanaiita kumma na ambako ufundi huu una undugu mkubwa na Zanzibar, iliyo nzuri hufika makumi ya riali ingali mpya. Lakini linganisheni na Marekani. Januari 2012, Sotheby's ya New York, nyumba ya mnada, iliuza mkusanyiko wa Betty Ring, mtafiti na mkusanyaji wa kazi za sindano za mabinti wa Marekani, na kitambaa kimoja cha mazoezi ya kudarizi, kilichoshonwa na binti aitwaye Mary Antrim huko New Jersey mwaka 1807, kilipita dola milioni 1. Nacho ni kazi ya sindano ya mtoto wa shule. Uzuri wake ni mkubwa, ndiyo, lakini kilichokipandisha pia ni kwamba binti alishona jina lake na mwaka, na watu kama Betty Ring wakatumia miaka kufuatilia mabinti hao walifundishwa wapi na nani. Kule Uingereza, kitambaa kama hicho cha Jane Bostocke cha mwaka 1598 kiko Victoria and Albert Museum, na jina lake tunalisoma mpaka leo.

Wanawake na wanaume wetu walioshona kofia hizi hawakuweka majina. Linaniuma hilo. Kofia imevaliwa kwenye maulidi, kwenye nikaha, mtu akasifiwa amependeza, na aliyepoteza nuru ya macho juu yake hatajwi. Kwa hiyo nilimwomba kijana yule ampigie simu shangazi yake. Akampigia, na jina la aliyeishona likapatikana, na mtaa wake pia. Nimeviandika na kuvihifadhi pamoja na kofia. Hadharani sitavitaja mpaka familia iridhie. Kwangu mimi, simu ile imeongeza thamani ya kofia hii kuliko umri wake.

Uamuzi wangu: inunueni ikiwa nzima, ikiwa ya pamba, na kama kuna mtu wa kumuuliza. Ikikosa la tatu, punguzeni bei. Ukishaipata, itoe wanga kwa maji safi ya vuguvugu kabla ya kuihifadhi, maana wanga huita wadudu. Ijaze karatasi isiyo na asidi ili isikunjike, iweke mbali na jua, na usiifunge kwenye mfuko wa plastiki, hasa sisi wa pwani wenye unyevu huu.

Mwenye kofia ya babu kabatini, ipige picha upande wa ndani, karibu kabisa, unitumie pamoja na jina la aliyeishona kama bado yupo anayelikumbuka. Kipindi kijacho tutazikagua hizo.