Kahawa ya uyoga, kwa mwenye hesabu za kufunga

Kila niliyemwonjesha aliuliza ladha kwanza, basi nianze hapo: hainuki uyoga. Ni kahawa ya kuyeyuka iliyochanganywa na theanini (kemikali iliyomo kwenye majani ya chai), unga wa uyoga uitwao chaga na wa lion's mane, ule uyoga mweupe wenye nyuzi zinazoning'inia. Ukiinywa kavu inaacha uchungu ulimini, kama mwarobaini uliopunguzwa makali. Ukitia maziwa, uchungu unaisha. Pakiti nililetewa na binamu yangu anayeishi Houston.

Mimi ni mhasibu, ofisi yetu iko Kariakoo. Tarehe 20 ya mwezi ikikaribia, ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) za wateja zinatakiwa ziwe zimeingia TRA, mamlaka ya mapato, na mtu unakaa na risiti za EFD, ile mashine ya kodi, mpaka macho yanauma. Kahawa niliyozoea inanivusha, lakini moyo unadunda, vidole vinatetemeka juu ya kikokotoo, na usiku usingizi hauji. Hii imenitendea tofauti kabisa. Nguvu inapanda polepole na kushuka polepole. Nalinganisha daftari la mauzo na ripoti ya mashine bila papara, na jioni napanda daladala bado nina hamu ya kuongea na watu.

Sifa hiyo siupi uyoga. Pakiti inasema kikombe kimoja kina miligramu 50 za kafeini. Kikombe cha kawaida cha kahawa ya kuchuja kina kama 95. Halafu kuna theanini, ambayo iligunduliwa Japani mwaka 1949. Watafiti wamewahi kuwapa watu miligramu 100 za theanini pamoja na 50 za kafeini, na umakini wao ukaongezeka. Lion's mane bado haijapimwa vya kutosha kwa binadamu, kwa hiyo maneno makubwa yaliyoandikwa nyuma ya pakiti nayaweka pembeni.

Na hapo ndipo ninapolalamika. Kiasi cha kafeini wametaja, lakini cha kila uyoga wamekificha ndani ya "mchanganyiko maalumu". Mtu anayelipa zaidi ya dola moja kwa kikombe ana haki ya kujua anakunywa nini. Tena chaga ina oksaleti nyingi, kemikali inayoweza kudhuru figo, na wapo wagonjwa walioharibika figo baada ya kunywa unga wake kwa muda mrefu. Mwenye tatizo la figo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amuone daktari kabla ya kufungua pakiti.

Kwa mfuko wa kawaida, karibu utulivu uleule naupata kwa nusu kijiko cha Africafe saa tatu asubuhi, kisha chai ya rangi mchana. Baada ya saa nane mchana sigusi chochote, maana hata zikipita saa tano tangu kunywa, kama nusu ya kafeini bado imo mwilini. Wazee wa kahawa ya birika wanakunywa vikombe vidogo kwa kashata, na kipimo chao nakiheshimu sana.

Siku za ritani, hata hivyo, bado naitaka ile ya pakiti. Binamu akija Desemba nimemwagiza nyingine, yenye theanini lakini isiyo na chaga.