Nguo zimeota kawa sandukuni? Anza kununua hii

Mvua za Machi hadi Mei zikiisha hapa Kisumu, ndipo masanduku hufunguliwa. Shati la harusi lililokunjwa tangu Desemba linatoka na vidoa vyeusi kolani na harufu ya unyevu. Hiyo ni kawa, yaani kuvu inayokula uzi wenyewe wa pamba, ndiyo maana sabuni ya kipande peke yake huishia kuipunguza tu. Kabla ya dawa yoyote, peleka nguo nje, jifunike pua na mdomo, uipige burashi.

Ningekutuma dukani leo, ungeniletea unga wa oksijeni. Vanish ndiyo inayojulikana zaidi, lakini hata wa kampuni nyingine ni sawa mradi kibandiko kiseme sodiamu pakaboneti. Ukiingia majini hutoa hidrojeni peroksaidi, ambayo hupausha doa bila kushambulia rangi vikali kama klorini. Unataka maji ya moto, nyuzi 40 hadi 60. Maji baridi ya bomba hayauamshi vizuri. Jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, kisha roweka kwa saa kadhaa. Pamba nyeupe inaweza kulala humo usiku kucha. Doa likibaki, rudia kabla ya kupiga pasi, maana joto hulikaza. Chukua pakiti ndogo: ukishafunguliwa, unga huu hunyonya unyevu wa hewa yetu ya ziwani na kupoteza nguvu. Sufu na hariri usizitie kabisa.

Kwa sufu, kama sweta za shule, nunua siki nyeupe. Changanya na maji nusu kwa nusu, loweka kitambaa safi, ugandamize palipoota kuvu. Harufu huondoka vizuri sana. Vidoa vyeusi vya miaka, hapana. Siki ya kahawia iache jikoni, itakuachia doa jingine.

Bliichi ya klorini naiweka ya tatu, ingawa wengi huikimbilia kwanza. Kwa shuka na sare nyeupe za pamba ni kali na inafaa. Shangazi yangu aliitumia kwenye gauni la kitenge. Kawa ilitoka, na maua yote yakatoka nayo. Soma tarehe kwenye chupa, kwa kuwa ikikaa sana rafuni hudhoofika. Na tafadhali, usiichanganye na siki hata tone: hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Mfuko ukiwa mtupu, limau kutoka soko la Kibuye hapa mjini, chumvi na jua la mchana huondoa vidoa vipya kwenye nguo nyeupe.

Usichopaswa kununua ni vidonge vya naftalini. Vinafukuza nondo, kuvu havigusi. Kibaya zaidi, mvuke wake huvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe hizo), hali ya kurithi iliyo ya kawaida kwenye maeneo ya malaria kama huku kwetu ziwani. Mtoto mchanga anaweza kupata manjano kali na kuishiwa damu kwa kuvikwa tu nguo zilizohifadhiwa navyo. Kama vimo sandukuni mwako na kuna mtoto nyumbani, vitoe leo, na nguo zake uzifue na kuzianika nje mpaka harufu iishe kabla hujamvisha.