Gigabyte B85M-D3H ya mtumba na i7-4770, bado inalipa kwa bajeti ndogo

Wakuu, kama bado unasukuma desktopu yenye i3 ya kizazi cha pili au cha tatu na mfuko hauruhusu mashine mpya, hii bodi (motherboard) ya B85M-D3H naipigia debe bila kusita. Nimeichukua Kariakoo kwa jamaa anayefungua mashine za mtumba na kuuza vipande, nikaweka prosesa ya i7-4770, ramu nikahamisha zilezile za DDR3 zilizokuwa kwenye bodi yangu ya H61, yaani hapo ndo utamu ulipo, ramu hununui upya. Toka viini viwili hadi vinne, kuedit video za harusi za full HD sasa hivi hainikwamishi tena.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni kwamba prosesa haifi kirahisi, kinachokufa ni bodi. Ndo maana i5 za 2013 zinapatikana kwa bei ya kutupa ila bodi nzima za soketi 1150, yaani kitako kinachoshika prosesa za kizazi hiki, zinatafutwa, na usishangae bodi ikawa ghali kuliko prosesa yenyewe, lipa tu ila ikague kisawasawa.

Kwenye soketi hizi za Intel pini ziko kwenye bodi, haziko kwenye prosesa. Mwambie muuzaji atoe kifuniko, washa tochi ya simu, inamisha bodi huku na huku uone pini zote zinang'aa kwa mistari iliyonyooka, ukiona hata moja imelala achana nayo, hata akuapie kwamba fundi anainyoosha dakika mbili. Kepasita ziwe na vichwa bapa, iliyovimba ni hapana. Halafu aiwashe hapohapo mbele yako na ramu ijaribiwe kila sloti, maana zipo bodi zinawaka vizuri kabisa kumbe sloti mbili zimekufa. Asiyetaka kuwasha mshukuru uondoke. Saa ikiwa inarudi nyuma usiogope, hiyo ni betri ya CR2032 tu.

Mbona sio bodi ya H81, ambayo nayo ni ya soketi 1150? H81 ina sloti mbili za ramu, mwisho GB 16, na kadi ya picha inapata njia ya PCIe 2.0, ya kasi ndogo. Hii B85 ina sloti nne, inafika GB 32, PCIe 3.0, na plagi za diski (SATA) za kasi ya 6Gb/s zipo nne. Ila kama kazi zako ni Word na muvi, H81 nzima inatosha.

Angalizo la prosesa: zile za 2014 kama i5-4590 na i7-4790 zinataka bayosi (programu ya ndani ya bodi inayowasha mashine) mpya zaidi, bodi yenye bayosi ya mwanzo inaweza isitoe picha kabisa, kwa hiyo kama huna prosesa nyingine ya kusasishia baki na i5-4570 au i7-4770.

Wengine watakuletea bodi iliyong'olewa kwenye Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1. Bodi zenyewe imara, shida ni plagi ya umeme, Dell pini 8 na HP pini 6, pawa saplai yako ya pini 24 haiingii bila kebo ya kubadilishia. Hizo nunua mashine nzima.

Kinachoniuma ni Windows 11, kwa Intel rasmi inaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 sapoti yake ya kawaida iliisha Oktoba 14, 2025. Mimi nimeweka Linux Mint na inaenda vizuri sana. Kama kazi yako inalazimisha Windows 11 basi jipange kwa AM4, yaani soketi ya AMD, bodi ya B450 ya mtumba inabeba hata prosesa ya Ryzen 5 5600 ukisasisha bayosi, ila hapo ramu za DDR4 zinakuhusu na bajeti inakuwa nyingine kabisa.

Halafu ukinunua idai na ile sahani ya bati ya nyuma kwenye matundu ya USB, wauzaji wanaiachaga kwenye kesi ya zamani, na bila hiyo vumbi na mende njia nyeupe.